Bei ya mpira na ujira wa fundi bomba

Hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, hakuna malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kama ya bei ya fundi bomba. Mtu humwita fundi kwa sababu bomba la jikoni linadondosha maji. Fundi hufika na mfuko wake wa zana, hufungua, hubadilisha kijipira ambacho dukani kinauzwa kwa shilingi elfu moja au mbili, na kabla chai haijachemka anataka elfu thelathini au arobaini. Mwenye nyumba huhisi ameibiwa. Mimi ninasimamia vyumba vya kupangisha walivyotuachia wazazi wetu, hivyo ninakutana na mafundi bomba kuliko watu wengi, na nina msimamo ambao ningependa kuueleza kwa urefu: ujira ule, mara nyingi, si mkubwa kama tunavyodhani, na pale ambapo tunaumizwa kweli, tunaumizwa mahali pengine kabisa, ndani ya bei ya vifaa, kwa mchezo ambao namna yetu ya kupatana bei imesaidia kuujenga.

Mlipaji huona vitu viwili tu, mpira na dakika. Mpira ni wa elfu moja, dakika ni kumi na tano; basi elfu arobaini imetoka wapi? Fundi naye ana hesabu yake, ambayo haisemi kwa sababu hakuna anayemwuliza. Ametoka Bugembe au Mafubira kwa bodaboda na atarudi kwa bodaboda. Ameondoka mbele ya duka la vifaa vya ujenzi anakokaa kusubiri wateja, mahali ambapo kazi kubwa ya siku nzima ingeweza kumkuta na sasa itamkuta mwenzake. Spana yake ya paipu, kama ni ya chuma cha kweli na si ile ambayo meno yake hulainika ndani ya miezi miwili, imemla ujira wa kazi ndogo nyingi. Mashine ya kuunganishia paipu za plastiki za kijani, zile za PPR zinazounganishwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, si yake peke yake. Amechangiana na mwenzake au anaikodi. Kisha kuna siku ambazo simu yake hailii tangu asubuhi hadi magharibi, na siku hizo pia watoto wake wanakula. Kazi ndogo haiwezi kulipwa kwa dakika, kwa sababu fundi wa kazi ndogo hauzi dakika. Anachouza ni kipande cha siku, na kipande hicho huwa kikubwa hata kama spana imeshikwa kwa muda mfupi.

Jirani yangu, hajati mmoja mwenye ulimi mkali na moyo mweupe, alilisema jambo hili waziwazi mbele ya fundi aliyekuwa akikusanya zana zake. Alimwambia, "Mwanangu, elfu arobaini kwa kimpira hiki? Mungu anakuona." Fundi akajibu kwa upole, "Mama hajati, mpira nimekupa bure. Nilipie kuja na kujua." Hajati alinyamaza kidogo, akamlipa thelathini na tano, wakaagana vizuri. Ninalikumbuka jibu lile kwa sababu lilikuwa sahihi kuliko maelezo mengi niliyowahi kusikia. Kuja ni gharama, na kujua ni gharama. Tunapokwenda kliniki tunalipa ada ya kumwona daktari kabla hata dawa haijaandikwa, wala hatumwambii kwamba kidonge kimoja ni cha shilingi mia mbili.

Hilo la kujua ndilo ningependa kukaa nalo zaidi, kwa sababu ndipo fedha zinapopotea au kuokolewa. Chukua hilo bomba linalodondosha maji. Mabomba mengi katika nyumba zetu ni ya namna mbili, na mtu anaweza kuyatambua kwa mkono. Likiwa ni bomba ambalo kichwa chake huzungushwa mara kadhaa mpaka likafunga, ndani yake mna mpira unaokandamizwa juu ya kikalio cha shaba, na mpira huo ukiliwa unabadilishwa. Likiwa ni bomba ambalo kichwa chake huenda robo tu ya mzunguko likawa limefunga, ndani yake hamna mpira wa namna hiyo. Mna visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na vikichubuliwa na mchanga, kinachobadilishwa ni kile kiini chote. Kama dukani hakuna kiini kinachoingia katika bomba la aina yako, na mara nyingi hakipo kwa sababu mabomba yanayoletwa sokoni ni ya viwanda vingi visivyofuata kipimo kimoja cha viini, unanunua bomba zima. Kwa hiyo fundi anaposema bomba zima libadilishwe, si lazima awe anatafuta pesa zaidi. Mwombe akuonyeshe kilichomo ndani, naye fundi mzuri atakuonyesha bila kuudhika.

Hata lile bomba la mpira lina siri yake. Kuna watu wanaobadilisha mpira, na baada ya majuma machache maji yanaanza tena, wakasema fundi aliweka mpira mbovu. Mara nyingi kosa limo katika kikalio cha shaba chini yake. Maji yanapopenya kwa muda mrefu pale ambapo mpira umeliwa, hukwangua shaba taratibu na kuacha mfereji mwembamba, na juu ya mfereji huo hata mpira mpya haukai sawasawa. Fundi anayejua hupitisha kidole kwenye kikalio kabla ya kuweka mpira, na akikuta kimeharibika hukisawazisha kwa kifaa chake au anakuambia wazi kwamba bomba limekwisha. Asiyejua huweka mpira, huchukua pesa, huondoka. Wote wawili wametumia dakika zilezile, lakini wa kwanza amekuuzia kazi na wa pili amekuuzia subira ya mwezi mmoja.

Nyumba za zamani zina hesabu yao. Hapa Walukuba tunaishi katikati ya nyumba zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, na katika majengo ya umri huo paipu za chuma bado zimo ndani ya kuta. Paipu ya chuma huota kutu kwa ndani, njia ya maji ikazidi kuwa nyembamba, na uzi wa viungio, ile mikunjo ya kukazia kama ya skrubu, ukaliwa mpaka unabaki kushikiliwa na kutu yenyewe. Ukikaza spana kwenye kiungio kimoja, cha pili ndani ya ukuta kinaachia. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu, akiitwa kubadilisha koki tu katika nyumba kama hiyo, hutaja bei iliyo juu kuliko ile ya nyumba mpya, au husema mapema kwamba hawezi kuahidi kazi itaishia pale. Wenye nyumba wengi hulichukulia hilo kuwa ni vitisho. Mimi ninaliona kuwa ni uaminifu, kwa sababu yule anayetaja bei ndogo bila kuangalia paipu ndiye atakayekusimamisha katikati ya kazi, ukuta umeshabomolewa na maji yamefungwa, na hapo huna tena nafasi ya kupatana.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Sisi wateja tumezoea kuubana ujira na kuacha bei ya vifaa ipite bila kuulizwa. Fundi akisema ujira ni elfu thelathini tunaruka. Akisema bomba ni elfu thelathini na tano tunampa, kwa sababu bomba ni kitu cha kushikika na tunadhani bei yake imepangwa dukani. Tuseme kuna bomba zuri la shaba la 25,000, na ujira wa haki ni 30,000, jumla 55,000. Mteja anashikilia kwamba ujira usizidi elfu kumi. Fundi anakubali kwa haraka inayoshangaza, anachukua pesa za vifaa, anakwenda, anarudi na bomba jepesi lililopakwa rangi ya kung'aa alilolinunua kwa 12,000, na bei anayotaja ni 35,000. Mteja amelipa 45,000, analala akijua ameokoa elfu kumi. Fundi amepata 10,000 za ujira na 23,000 za tofauti, yaani 33,000, zaidi ya alizoomba kwa uwazi. Na lile bomba jepesi, ambalo shingo yake ni ya aloi laini, litakatika uzi siku mtoto atakapolizungusha kwa nguvu. Gharama halisi ya kubana ujira ni hiyo, nayo haionekani kwenye karatasi yoyote.

Simtetei fundi anayefanya hivyo. Kusema uongo juu ya bei ni kusema uongo. Lakini nimeona mafundi wawili au watatu ambao mbele ya mteja mmoja hufanya hivyo, na mbele ya mteja mwingine huleta risiti na chenji mpaka shilingi mia tano ya mwisho, na tofauti iko katika jinsi walivyolipwa. Mtu akijua ujira wake utatolewa wote, bila kuombwa apunguze mara ya pili baada ya kazi kwisha, hana haja ya kujilipa kupitia dukani. Yako maduka ambayo humrudishia fundi kitu kidogo kwa kuwaletea wateja. Hilo ni la kati yao, na halinisumbui maadamu bei niliyolipa ni ileile ambayo mtu mwingine angelipa kaunta.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kutenganisha mambo mawili tangu simu ya kwanza. Ninamwuliza fundi, kuja na kuangalia ni kiasi gani, na kiasi hicho ninamlipa hata kama ataangalia na kuondoka. Akishaangalia, anataja ujira wa kazi yenyewe, na tukikubaliana, kile alicholipwa kwa kuangalia kinaingizwa humo. Vifaa ninanunua mwenyewe, au tunakwenda pamoja, au ananiandikia kwenye karatasi jina, kipimo na idadi: koki ya nusu inchi, kiungio cha robo tatu kwa nusu, tepu nyeupe ya kufungia uzi, na kadhalika. Kama sina nafasi ya kwenda, ninampigia muuza duka mwenyewe kuuliza bei kabla ya kutuma pesa. Vifaa vya zamani vilivyotolewa vinabaki kwangu. Mwanzoni mafundi wengine waliona ninawashuku. Sasa ninaowatumia wamezoea, na mmoja wao aliniambia anapenda hivyo kwa sababu bomba likiharibika hakuna atakayemlaumu kwa kununua hafifu.

Jambo jingine linalopandisha bei bila mtu kukusudia ni safari za dukani. Fundi anafika, anafungua, anakuta kifaa alichobeba hakiingii, anakwenda mjini kwa bodaboda, anarudi na kisicho sawa, anakwenda tena. Muda huo wote ni wa siku yake na nauli ni ya mfukoni mwa mmoja wenu. Picha mbili zinazotumwa kwa WhatsApp kabla hajatoka kwake, moja ya bomba au tangi la choo likiwa wazi na nyingine ya mahali maji yanapovuja, humpa nafasi ya kubeba kilicho sahihi. Mjulishe pia kama paipu zako ni za chuma, za plastiki nyeupe au za kijani, kwa sababu zana zake hutofautiana. Ikiwa ni za kijani, mashine yake inataka umeme. Hakikisha Yaka yako, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti, maana nimeshuhudia kazi ikisimama saa nzima kwa sababu hiyo tu.

Na kazi ndogo zikusanywe. Kwa kuwa sehemu kubwa ya malipo ni ya kuja, fundi aliyekuja kwa bomba moja anaweza kutazama pia tangi la choo, koki iliyokazana na bomba la nje kwa nyongeza ya wastani, kuliko kuitwa mara nne. Lakini ili kujua kipi kinaweza kusubiri na kipi hakiwezi, lazima mtu ahesabu maji yanayopotea, na hesabu hiyo huwashangaza watu kwa sababu masikio yetu hutudanganya.

Bomba linalodondosha maji usiku hutunyima usingizi, basi tunadhani ndilo linalotumaliza. Weka kikombe cha robo lita chini yake utazame saa. Kikijaa kwa dakika 30, hiyo ni nusu lita kwa saa, lita 12 kwa siku, lita 360 kwa siku 30. Yuniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, kwa hiyo bomba hilo linakula kama theluthi moja ya yuniti kwa mwezi. Ni hasara, lakini linaweza kusubiri majuma mawili mpaka kazi nyingine zikusanyike, mradi lisiachwe miezi na miezi hadi kikalio cha shaba kikaharibika kama nilivyoeleza. Choo ndicho kilicho hatari. Mpira wa chini ya tangi ukishalegea, au boya likishindwa kufunga, maji huteremka ukutani mwa bakuli kama uzi mwembamba, bila sauti, mchana na usiku. Tuseme ni lita moja tu kila dakika tano. Hiyo ni lita 12 kwa saa, 288 kwa siku, 8,640 kwa siku 30: zaidi ya yuniti nane, au jerikeni 432 za lita 20. Chukua bei ya yuniti iliyoandikwa kwenye bili yako uzidishe mwenyewe, kisha ulinganishe na ujira wa fundi. Na waliounganishwa na mtaro wa majitaka huongezewa malipo ya majitaka, ambayo hesabu yake inatokana na maji yaliyopita kwenye mita, yawe yametumika au yamevuja.

Kupima choo ni rahisi. Tia buluu ya kufulia kidogo ndani ya tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi imeshuka, mpira wa chini haufungi, au boya limeshindwa kuzuia maji. Kupima nyumba nzima, funga mabomba yote usiku, soma tarakimu za mita, usitumie maji mpaka alfajiri, usome tena. Zikiwa zimesogea na hujaona unyevu popote, mwambie fundi hilo unapompigia, kwa sababu kutafuta uvujaji uliofichika ardhini ni kazi nyingine yenye bei nyingine, na si haki kumwita kwa jina la kazi ndogo. Presha ya maji hupanda usiku watu wakiwa wamelala, ndiyo maana viungio dhaifu huanza kuvuja saa hizo, na ndiyo maana kusoma mita usiku kunasema kweli kuliko mchana. Vilevile, maji yakikatika kwa muda na kurudi, huja na hewa na mchanga uliosombwa katika paipu. Ukifungua kwanza bomba la nje liteme uchafu huo, unaiokoa mipira na visahani vya ndani.

Sinki lililoziba sitaliongelea sana. Katika nyumba nyingi, mafuta ya kupikia na mabaki ya posho, yaani ugali, ndiyo yanayoziba, na kile kikombe cha plastiki kilicho chini ya sinki kinafunguka kwa mkono; weka beseni, fungua, safisha, funga. Ninachoomba ni kimoja: kama umeshamwaga dawa kali ya kuzibulia kabla ya kumwita fundi, mwambie kabla hajaingiza mkono wake. Wapo wanaoungua kwa sababu mwenye nyumba aliona aibu kusema.

Swali la nani alipe ni zito hasa kwetu tunaopangisha. Upande wa barabara hadi kwenye mita ni wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo tangu lilipoanzishwa mwaka 1972 lilianza na miji mitatu, Kampala, Entebbe na Jinja yetu. Uvujaji wa huko unaripotiwa kwao, wala hakuna sababu ya kumlipa fundi wa mtaani kuugusa. Kuanzia mita kuingia ndani ni wa mwenye mali. Kati ya mwenye nyumba na mpangaji, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeuweka wajibu wa matengenezo ya nyumba upande wa mwenye nyumba, ukiacha uharibifu uliofanywa na mpangaji mwenyewe, na inataka mkataba wa maandishi pale thamani ya upangaji inapofikia shilingi 500,000. Vyumba vingi vya mitaani kwetu viko chini ya kiasi hicho na hupangishwa kwa mdomo tu. Kwa hiyo ugomvi wa mpira wa elfu mbili unageuka kuwa ugomvi wa nani amesema nini, na wakati wanabishana choo kinaendelea kumwaga maji na bili inagawanywa kwa wapangaji wote, hata wasio na choo hicho. Mimi nimeandika ukurasa mmoja unaosema kwamba mipira, koki, boya na paipu ni juu yetu. Kuvunja sinki au kutupa nguo chooni ni juu ya mpangaji. Na kwamba maji yakimwagika nami sipatikani, mpangaji anaweza kumwita fundi tuliyemkubali, kisha kiasi alicholipa kikakatwa katika kodi ya mwezi unaofuata kwa kuonyesha risiti. Ukurasa huo umetuletea amani kubwa.

Kuhusu nani aitwe, sina upendeleo kati ya aliyesoma chuo na aliyejifunza kwa kumfuata fundi mkubwa. Vyuo vipo, kama kile cha Nakawa, cha Lugogo na cha hapa Jinja, na tunavihitaji. Lakini mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa mikono, na kwa ajili yao Idara ya Mafunzo ya Viwandani iliweka utaratibu wa kupimwa kwa vitendo na kupewa kitabu kiitwacho Worker's PAS, kinachoorodhesha kazi ambazo mtu amethibitishwa kuziweza. Fundi akiwa nacho, ninafurahi kukitazama, na ninaona ni haki yake kuongeza bei kidogo kwa ajili hiyo, maana ametumia muda na fedha zake ili mimi nisibahatishe.

Usiku na siku ya sikukuu bei ni nyingine, na iwe hivyo. Mtu anayeamka saa nane za usiku kuja kufunga maji yaliyoingia chumbani kwako hastahili kusikia habari za bei ya mchana. Lakini safari nyingi za usiku zingeepukwa kama kila aliye ndani ya nyumba angejua koki kuu iko wapi na kama koki hiyo inafunga kweli. Koki isiyoguswa kwa miaka hugoma siku inapohitajika. Ninamwomba kila fundi anayekuja kwangu kwa kazi yoyote aifunge na kuifungua koki kuu mbele yangu kabla hajaanza, na hilo linaingia ndani ya ujira tuliokubaliana.

Kazi ikiisha, tunafungua maji na kusubiri pamoja kwa muda wa kunywa chai, kwa sababu kiungio kibovu hakisemi mara moja. Ninafuta kila kiungio kwa karatasi kavu. Karatasi ikibaki kavu, tunakubaliana muda ambao atarudi bila malipo ya ujira ikiwa palepale patavuja, na kwa kazi ndogo sisi huandika mwezi mmoja. Hapo ninatoa kiasi tulichokubaliana chote bila kuanza kuomba apunguze upya mlangoni. Nikilipa kwa simu, ninaongeza pesa ya kutolea, kwa kuwa kampuni ya simu inakata ada ya kutolea na serikali inakata asilimia 0.5 ya kodi kila fedha zinapotolewa, na elfu thelathini tuliyopatana ilikuwa elfu thelathini mkononi mwake.